Sumatriptani si panadol kali: namna dawa ya kipandauso inavyofanya kazi

Jioni moja ya Januari, joto la Dar es Salaam likiwa bado limeganda chini ya mabati ya Magomeni, mama mmoja fundi cherehani aliingia katika duka la dawa ninamofanya kazi akiwa amelifunika jicho la kushoto kwa pindo la mtandio. Aliweka juu ya kaunta pakiti ya vidonge sita, vinne vikiwa vimekwisha, akasema kwa sauti ya chini: "Dokta, hii dawa ya kipandauso haina nguvu. Afadhali panadol. Kama kuna kali zaidi, nipatie." Nilimpa pole, nikamsogezea kiti mbali na taa ya mlangoni, nikamwuliza amevimeza vipi. Cha kwanza alikimeza Jumatatu kwa ajili ya mabega yaliyochoka kwa kushona sare za shule. Cha pili alikimeza Jumatano usiku na kukitapika palepale. Viwili vya mwisho alivimeza siku ile ile aliyokuja, saa nane nzima baada ya maumivu kuanza, wakati hata mtandio ukimgusa kwenye panja anasikia kama anachomwa. Pakiti ilikuwa ya sumatriptani ya miligramu 50, na maelekezo aliyopewa kule alikoandikiwa yalikuwa mstari mmoja tu: meza kimoja kichwa kikiuma.

Mstari huo haumdanganyi mgonjwa, lakini unamwacha gizani. Sumatriptani haina undugu na panadol, diklofenaki wala ibuprofeni. Dawa hizo hupunguza maumivu ya jino, ya mgongo na ya goti vilevile zinavyopunguza ya kichwa. Sumatriptani haigusi jino wala goti, kwa sababu kazi yake yote inafanyika kwenye sehemu chache za mwili ambazo huhusika na kipandauso. Nimekuja kuamini kwamba mtu akielezwa vizuri kidonge hiki kinakwenda wapi na kinafanya nini huko, masharti yake yote, yaani lini kimezwe, nani asikiguse na kwa nini wakati mwingine kinashindwa, huyaelewa bila kukaririshwa. Ndiyo maana naandika haya kwa urefu.

Neva inayopanda usoni

Jina la Kiswahili la ugonjwa huu limetolewa na watu waliotazama kwa makini. Waliouita kipandauso waliona kwamba maumivu yake hayatulii utosini. Hupanda usoni, nyuma ya jicho, kwenye paji na kwenye panja, mara nyingi upande mmoja. Huko ndiko hasa inakosambaa neva ya trijemini, neva ya tano kati ya neva za kichwa, yenye matawi matatu: moja la jicho na paji la uso, la pili la shavu na la tatu la taya. Tawi la kwanza haliishii kwenye ngozi. Hutuma nyuzi hadi kwenye utando unaoufunika ubongo na kwenye mishipa ya damu iliyomo katika utando huo. Ubongo wenyewe hauhisi maumivu, na madaktari wa upasuaji wanaweza kuugusa mgonjwa akiwa macho. Kinachouma ni utando na mishipa yake, na anayepeleka habari ya maumivu hayo ni trijemini. Nyuzi zake huishia katika shina la ubongo, mahali ambapo hufika pia nyuzi za neva za juu za shingo. Kwa sababu hiyo wagonjwa wengi hukakamaa shingo na kuulaumu mto waliolalia.

Shambulio linapoanza, ncha za nyuzi hizo humwaga kemikali kwenye utando. Mojawapo, inayotajwa zaidi leo, ni peptidi, yaani protini fupi, inayojulikana kwa kifupi chake CGRP, ambayo hutanua mishipa ya damu na kuendeleza msisimko wa neva zinazobeba maumivu. Mwaka 1990 Peter Goadsby na Lars Edvinsson walionyesha kwamba damu iliyochukuliwa kwenye mshipa wa shingo wa wagonjwa waliokuwa katikati ya kipandauso ilikuwa na CGRP nyingi kuliko kawaida, na mwaka 1993 wakaonyesha kwamba kiasi hicho hushuka mgonjwa anapopewa sumatriptani na kupata nafuu. Shambulio lisilotibiwa hudumu kati ya saa 4 na saa 72. Huambatana na kichefuchefu, kuogopa mwanga na kuogopa kelele, na huwapata wanawake takriban mara tatu zaidi ya wanaume.

Nayasema haya kwa mkazo kwa sababu hapa kwetu kichwa kikiuma sana hupewa moja ya majina mawili, malaria au presha. Kipimo cha haraka cha malaria kikitoka hasi na presha ikiwa sawa, mgonjwa huambiwa hana kitu, apumzike, na hurudi nyumbani akiwa na maumivu yale yale pamoja na shaka kwamba huenda anajidekeza. Hajidekezi. Ana neva iliyoamshwa na kemikali inayoweza kupimwa katika damu.

Jinsi serotonini ilivyoonyesha njia

Historia ya sumatriptani ni historia ya kemikali nyingine, serotonini, ambayo mwili hujitengenezea wenyewe. Ilitambuliwa mwaka 1948 huko Cleveland, Marekani, na Maurice Rapport, Arda Green na Irvine Page, waliokuwa wakitafuta kitu katika damu kinachobana mishipa. Mwaka 1961 Federigo Sicuteri wa Florence, Italia, aliripoti kwamba mabaki ya serotonini huongezeka katika mkojo wakati wa shambulio la kipandauso. Baadaye James Lance na wenzake huko Australia walionyesha kwamba serotonini iliyohifadhiwa katika chembe sahani za damu hushuka ghafla shambulio linapoanza, na ilikwishaonekana kwamba mgonjwa akidungwa serotonini kwenye mshipa, kichwa hupoa.

Mtu angeweza kuuliza: basi kwa nini tusidunge serotonini? Jibu ni kwamba kemikali hiyo hufanya kazi nyingi mno. Ipo kwenye utumbo, ambako huendesha mwendo wa chakula. Ipo kwenye chembe sahani, ambako husaidia damu kuganda. Ipo kwenye ubongo, ambako hugusa usingizi, hamu ya kula na hali ya moyo wa mtu. Waliodungwa walipata nafuu ya kichwa pamoja na kichefuchefu, kukosa pumzi na kujisikia vibaya kiasi kwamba dawa hiyo isingeweza kutumika nyumbani.

Ufumbuzi ulitokana na kuelewa vipokezi. Kipokezi ni protini iliyo juu ya seli. Kemikali inayolingana nayo ikiishika, seli hubadilisha mwenendo wake. Serotonini haina kipokezi kimoja. Vinavyojulikana sasa ni aina zisizopungua 14, zilizopangwa katika koo 7, na kila aina ina mahali pake na kazi yake. Kile cha ukoo wa tatu, kwa mfano, ndicho kinachosababisha kutapika, na ondansetroni, inayotumika sana hospitalini kuzuia kutapika, hufanya kazi kwa kukiziba. Patrick Humphrey, mwanasayansi wa Kiingereza katika kampuni ya Glaxo, alijiuliza katika miaka ya 1970 kama mishipa ya damu ya kichwani ina kipokezi cha serotonini ambacho sehemu nyingine za mwili hazina kwa wingi. Yeye na wenzake walichunguza vipande vya mishipa ya wanyama, ukiwemo mshipa wa mguu wa mbwa, wakakuta mnyweo, yaani kubana kwa mshipa, ambao hakuna kipokezi kilichokuwa kikijulikana kilichoweza kuueleza. Wakaanza kuichonga serotonini upya: wakabakiza kiini chake cha pete mbili, wakabadilisha kilichoning'inia pembeni, wakapima, wakabadilisha tena. Kazi hiyo ya miaka mingi ndiyo iliyotoa sumatriptani, ambayo iliingia sokoni mwaka 1991, kwanza Uholanzi, na kuruhusiwa Marekani mwishoni mwa mwaka 1992.

Katika kuchonga huko waliweka ubavuni mwa molekuli kundi la kemikali lenye salfa liitwalo sulfonamidi, na hapa yafaa nisimame kidogo, kwa kuwa nchini kwetu watu wengi wanazijua dawa za salfa kwa madhara yake. Ambaye aliwahi kuchubuka ngozi kwa Septrin au Fansidar ana haki ya kuuliza. Sulfonamidi ya dawa hizo imeungana na sehemu nyingine ya molekuli, ile inayohusishwa na mzio mkali, na sumatriptani haina sehemu hiyo. Uwezekano wa mzio kuvuka kutoka dawa moja hadi nyingine unaonekana kuwa mdogo, lakini maelezo ya dawa bado yanataka tahadhari, kwa hiyo mweleze daktari na mfamasia kabla ya kidonge cha kwanza.

Vipokezi ambavyo sumatriptani hushika kwa nguvu ni viwili, vinavyoitwa 1B na 1D. Cha 1B kimo katika misuli ya mishipa ya damu ya utando wa ubongo. Kikishikwa, mishipa iliyotanuka hurudi kubana. Cha 1D kimo kwenye ncha za trijemini. Kikishikwa, ncha hizo huacha kumwaga CGRP. Vipokezi vya namna hiyo vimo pia katika shina la ubongo, pale trijemini inapokabidhi habari zake, ingawa sumatriptani hupenya kwa shida kizuizi kinachoutenga ubongo na damu. Kwa miaka mingi wataalamu walibishana ni ipi kati ya kazi hizi inayoondoa maumivu. Mimi naona jibu limeletwa na dawa zilizofuata. Lasmiditani, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2019, hushika kipokezi cha 1F, ambacho hakibani mishipa, na inafanya kazi. Ubrojepanti na rimejepanti, zilizoruhusiwa huko kati ya Desemba 2019 na Februari 2020, huziba kipokezi cha CGRP bila kubana mshipa wowote, nazo zinafanya kazi. Kubana mishipa, basi, si sharti la nafuu. Huenda kunasaidia, lakini ndiko pia kunakoleta hatari nitakayoieleza hapa chini.

Safari ya kidonge

Kidonge kikishamezwa, lazima kitoke tumboni kiingie kwenye utumbo mwembamba ndipo kifyonzwe. Wakati wa kipandauso tumbo hulegea na kuchelewa kusukuma kilichomo, hata kwa mtu ambaye bado hajaanza kutapika. Kidonge cha yule mama cha Jumatano kilikuwa kimekaa tumboni kikisubiri hadi kilipotoka kwa njia kilikoingilia. Ndiyo sababu madaktari huongeza metoklopramidi, ambayo wengi tunaijua kwa jina la Plasil: huzuia kichefuchefu na wakati huo huo hulisukuma tumbo lifanye kazi.

Kinachofyonzwa hupita kwanza kwenye ini. Hapo ndipo sumatriptani inapolipa gharama ya kufanana na serotonini, kwa maana kimeng'enya kile kile kinachovunja serotonini, monoamini oksidesi A, huivunja nayo pia. Katika kila miligramu 100 zilizomezwa, zinazofika katika mzunguko wa damu zikiwa nzima ni kama 14 au 15 tu. Sindano ya chini ya ngozi hulikwepa ini kwa mara ya kwanza, na takriban asilimia 96 ya dawa huingia katika damu. Hivyo miligramu 6 za sindano si dozi ndogo kama inavyoonekana.

Tofauti kubwa zaidi ni ya kasi. Sindano hufikia kilele katika damu kwa dakika 12 hivi, kidonge kwa saa mbili hivi. Majaribio yaliyojumlishwa pamoja yanaonyesha matokeo yake waziwazi. Katika kila watu 100 wenye maumivu ya kati au makali, kidonge cha miligramu 50 kiliwaondolea maumivu kabisa watu 28 ndani ya saa mbili, cha miligramu 100 kiliwaondolea 32, ilhali kidonge kisicho na dawa kiliwaondolea 11. Sindano ya miligramu 6 iliwaondolea 59, dhidi ya 15 kwa sindano tupu. Nataja tarakimu hizi ili mtu ambaye kidonge hakikumfaa siku moja asijihesabu mkosefu; dawa ni nzuri, lakini haijawahi kuwa ya uhakika kwa kila mtu na kila shambulio. Pia kuongeza dozi ya kidonge mara mbili hakukuongeza nafuu mara mbili, na hapo ndipo hoja ya "nipatie kali zaidi" inapokwama.

Katika damu sumatriptani haikai. Kila baada ya saa mbili hivi kiasi chake hupungua kwa nusu, na baada ya saa 10 kilichobaki hakifiki hata sehemu moja ya ishirini. Shambulio linaweza kuwa na uhai mrefu kuliko dawa, kwa hiyo maumivu huweza kutulia asubuhi na kurudi jioni. Kama kidonge cha kwanza kilisaidia na maumivu yakarudi, kidonge cha pili kinaruhusiwa baada ya saa mbili au zaidi, na maelezo ya Marekani hayaruhusu kuvuka miligramu 200 za kumeza katika saa 24. Kama cha kwanza hakikufanya lolote, cha pili katika shambulio lile lile hakitarajiwi kufanya zaidi. Ndugu zake sumatriptani hutofautiana hapa: naratriptani hupungua kwa nusu kila saa 6 hivi, na frovatriptani kila saa 26. Hukaa muda mrefu, ingawa huchelewa kuanza.

Mapema, lakini si kabla

Hili ndilo ninaloligharamia muda mwingi zaidi kaunta. Trijemini ikiachwa imesisimka kwa saa nyingi, seli zinazopokea habari zake ndani ya shina la ubongo nazo huamka, na zikishaamka hazihitaji tena kuchochewa na utando, huendelea zenyewe. Dalili yake inaonekana kwa macho. Ngozi huanza kuuma kwa vitu visivyouma: chanuo likipita kwenye nywele, miwani ikigusa pua, herini, mtandio, maji ya bomba usoni. Rami Burstein na wenzake, waliofanya utafiti wao Boston na kuuchapisha mwaka 2004, walionyesha kwamba wagonjwa waliomeza triptani, jina la jumla la sumatriptani na ndugu zake, kabla ngozi haijafikia hali hiyo walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kubaki bila maumivu kuliko waliochelewa. Sababu inaeleweka kutokana na yaliyotangulia, kwani sumatriptani hunyamazisha ncha za neva zilizo nje kwenye utando, na seli za ndani zilizokwisha kuamka haziwezi kunyamazishwa kutoka huko.

Kwa hiyo namwuliza kila anayekuja: unaweza kuchana nywele? Yule mama alijibu kwa kuinua mkono kuelekea kichwani na kuushusha kabla haujafika. Nilijua kwamba vidonge vyake viwili vya siku ile vilikuwa vimefika mahali ambapo kazi ilikuwa imeshavipita.

Yapo makosa ya upande wa pili pia. Baadhi ya wagonjwa, kabla ya maumivu, huona vimulimuli, mistari ya pembe pembe au sehemu ya giza inayotambaa mbele ya macho kwa dakika 20 hadi saa nzima. Kumeza sumatriptani wakati huo, maumivu yakiwa bado hayajaanza, hakujaonyesha kuyazuia. Wakati wake ni pale maumivu yanapoanza, yakiwa bado madogo na mgonjwa ana uhakika kwamba hiki ni kipandauso chake. Na kwa wanawake wenye dalili hizo za macho, jambo jingine lisilohusu sumatriptani moja kwa moja: vidonge vya majira vyenye estrojeni huwaongezea hatari ya kiharusi, kwa hiyo waliseme hilo kliniki wanapochagua njia ya uzazi wa mpango.

Nani asiiguse

Kipokezi cha 1B hakipo kichwani peke yake. Kimo pia, kwa uchache, katika mishipa inayolisha moyo. Kwa moyo mzima, mnyweo mdogo unaoletwa na sumatriptani hupita bila madhara. Kwa mshipa uliokwisha kuzibwa nusu na mafuta, mnyweo huo huo unaweza kukata damu. Ndiyo maana dawa hii imekatazwa kwa mtu mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, aliyewahi kupata kiharusi au kiharusi cha kupita, mwenye mishipa ya miguu iliyoziba, na mwenye presha isiyodhibitiwa. Haitolewi pia kwa aina ya kipandauso inayopoozesha upande mmoja wa mwili, wala kwa mwenye ini lililoharibika vibaya.

Katika jiji hili katazo la presha si la kusomwa harakaharaka. Wengi wanaoingia dukani hawajawahi kupimwa, na mtu anaweza kutembea na presha ya juu kutoka Mbagala hadi Kariakoo bila kusikia chochote. Mashine ya kupimia ipo chini ya kaunta yetu. Kuifunga mkononi mwa mteja kabla ya kumpa triptani yake ya kwanza ni kazi ya dakika tatu. Mwenye kisukari, mvutaji wa sigara, mwanamume aliyepita miaka 40 na mwanamke aliyekoma hedhi wanapaswa kuchunguzwa moyo na daktari kwanza.

Wapo wanaosikia kubanwa kifua au koo, joto usoni au ganzi vidoleni muda mfupi baada ya kumeza. Kwa wengi si moyo, na hupita. Lakini hakuna anayeweza kulitofautisha hilo akiwa amekaa nyumbani peke yake, na kifua kinachobana kwa nguvu au kwa muda mrefu kinataka hospitali.

Kuhusu kuchanganya dawa, linalonitisha zaidi linahusu dawa ya zamani kuliko sumatriptani, ambayo bado hutolewa kwa kipandauso: ergotamini, kwa kawaida ikiwa pamoja na kafeini. Ilitenganishwa mwaka 1918 na Arthur Stoll huko Uswisi kutoka katika ukungu unaoota kwenye nafaka ya rai, ukungu ambao karne zilizopita uliwaozesha watu wa Ulaya vidole na miguu kwa kubana mishipa ya damu. Ergotamini hushika vipokezi vingi bila kuchagua na hubana mishipa ya mwili mzima kwa muda mrefu. Haipaswi kukaribiana na sumatriptani kwa saa 24, kwa kuwa mnyweo wa moja huongezwa na wa nyingine. Hatari kubwa zaidi iko kwa mtu anayetumia dawa za VVU zenye ritonaviri. Ritonaviri huzuia kimeng'enya cha ini kinachoivunja ergotamini, dawa hurundikana katika damu, na kidonge kimoja au viwili vya kawaida vinaweza kufunga damu ya mkono au mguu. Erithromaisini na klarithromaisini zina tabia hiyo hiyo. Sumatriptani haipiti katika kimeng'enya hicho, na kwa mgonjwa wa namna hiyo ndiyo iliyo salama zaidi kati ya hizo mbili. Naandika haya nikijua kwamba wapo wanaoficha hali yao hata mbele ya mfamasia. Tafadhali, usifiche; sema kwa sauti ya chini, au andika kwenye karatasi utupe.

Dawa za sonona zinazozuia monoamini oksidesi zimekatazwa pamoja na sumatriptani na kwa wiki mbili baada ya kuziacha, maana kimeng'enya kinachoivunja kinakuwa kimefungwa. Dawa za sonona zinazotumika zaidi siku hizi, kama fluoksetini, ziliwekewa onyo Marekani mwaka 2006 kwa hofu ya serotonini kuzidi mwilini, lakini uzoefu wa miaka iliyofuata umeonyesha kwamba tukio hilo ni nadra sana, na madaktari wengi huziandika pamoja kwa uangalizi.

Tatizo la mwisho huletwa na dawa yenyewe. Triptani ikitumika siku 10 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, kichwa huanza kuuma kwa sababu ya dawa. Kwa panadol peke yake kikomo ni siku 15. Mgonjwa huona dawa imepungua nguvu, huongeza, na siku za maumivu huongezeka pamoja na vidonge. Hesabu inayohitajika ni ya siku za kumeza, si ya idadi ya vidonge.

Na kipo kichwa ambacho sumatriptani haipaswi kukitibu hata kidogo: kinacholipuka ghafla kwa ukali ambao mtu hajawahi kuujua, kinachokuja na homa na shingo ngumu, kinachoambatana na ulegevu wa mkono au kupinda mdomo, au kinachoanza kwa mara ya kwanza kwa mtu aliyepita miaka 50. Hicho kipelekwe hospitali usiku huo huo, kwa bajaji au kwa gari la jirani.

Sumatriptani imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na kwa maoni yangu inastahili kupatikana kwa bei ambayo fundi cherehani anaimudu bila kuhesabu vipande vya nguo. Yule mama nilimpima presha siku ile, ikawa sawa, nikampeleka kwa daktari badala ya kumwuzia kitu kingine, naye akaandikiwa metoklopramidi ya kumeza pamoja na kidonge chake. Alirudi mwishoni mwa Februari akiwa na daftari lake la vipimo vya wateja. Ukurasa wa nyuma, chini ya kiuno na mabega ya watu, alikuwa ameandika tarehe, saa kichwa kilipoanza, saa aliyomeza na saa kilipopoa. Mashambulio yalikuwa matano. Manne alimeza ndani ya nusu saa, na matatu kati ya hayo yalipoa kabla ya saa mbili kwisha. La tano alilisubirisha ili amalize upindo wa gauni la harusi, na mbele yake alikuwa ameandika neno moja, "jioni". Kwa kuwa mashambulio matano kwa mwezi ni mengi kwa mtu anayeishi kwa macho na mikono yake, daktari alimwanzishia propranololi ya kila siku ya kuyapunguza. Propranololi huipandisha rizatriptani, ndugu mwingine wa sumatriptani, katika damu kwa kiasi ambacho hulazimu kupunguza dozi yake. Sumatriptani haipandishwi nayo, kwa hiyo nilimwachia miligramu zake 50 kama zilivyokuwa.